Sifuri za Siwema

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, ila nina watoto, na mmoja anasubiri barua ya kuitwa kazini. Ukiulizwa habari hii umeipata wapi, sema ni ya nchi ya mbali sana ambayo watu wake wana mikia.

Basi katika nchi hiyo Serikali ilipenda haki kupita kiasi. Iliipenda mpaka ikaiundia wizara yake, Wizara ya Nafasi na Usawa, jengo la ghorofa tisa lenye lifti moja, na lifti yenyewe ya wakubwa. Kwa miaka mingi watoto wa shule za mjini, zenye maabara na walimu wa kutosha, ndio waliojaza Chuo Kikuu cha Taifa. Wenzao wa shule za pembezoni, ambako mwalimu mmoja hufundisha Fizikia, Jiografia na kwaya, walikuwa wakikisikia chuo hicho redioni tu. Serikali ikaona vibaya, ikatunga Sheria ya Kumi kwa Mia. Katika kila darasa la kidato cha sita, la shule yoyote, iwe ya marumaru au ya matope, wanafunzi kumi bora katika kila mia wataingia chuo kikuu moja kwa moja, bila usaili, bila kujuana, bila kuulizwa baba yako nani. Wanaobaki, Mungu awatangulie.

Ilikuwa sheria nzuri. Nasema kweli, sifanyi mzaha. Hata Bi. Kidawa, mwalimu wa Baiolojia wa Sekondari ya Mteremko, aliisifia katika chumba cha walimu hadi chai yake ikapoa. Alisema hatimaye mtoto wa maskini atapimwa na wenzake aliokaa nao dawati moja. Hayo aliyasema mwezi wa pili. Mwezi wa saba mwanawe Faraji akaingia kidato cha sita hapo hapo Mteremko, darasa la watu thelathini, na mtihani wa kwanza tu akashika namba ya sita.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kumi kwa mia, darasa la thelathini, nafasi ni tatu. Faraji alikuwa mtoto mzuri, mpole, msikivu, anayesoma kwa bidii na kusahau kwa bidii ile ile. Namba sita alikuwa kama aliyezaliwa nayo. Kumtoa sita kumfikisha tatu kungetaka watu watatu wahame nchi. Baba yake alikuwa kazini mkoa wa mwisho kabisa, anarudi sikukuu hadi sikukuu, kwa hiyo hatutamsumbua katika hadithi hii. Mzigo wote ulikuwa wa Bi. Kidawa, na Bi. Kidawa akaanza kuiona ile sheria kwa jicho jingine.

Jumamosi moja wazazi wa namba nne, namba tano na namba sita wakakutana darasani, wamekaa kwenye madawati magoti yamewafika kidevuni. Mzazi wa namba nne alikuwa Bwana Lutambi, mkandarasi, mtu aliyezoea kuongeza ghorofa mahali ambapo hapakuwa na ghorofa.

"Jamani, mbona nyuso zimewashuka?" akasema. "Watoto hawapandi? Basi tusiwapandishe. Tulirefushe darasa kwa nyuma."

"Kwa nyuma vipi?" akauliza Bi. Kidawa.

"Mwalimu, wewe si unajua hesabu? Darasa likiwa la watu sitini, nafasi zinakuwa sita. Tunachokosa ni watu thelathini tu wa kukaa nyuma ya watoto wetu. Nchi hii ina upungufu wa mambo mengi, lakini sijapata kusikia tuna upungufu wa watu wa nyuma."

Mzazi wa namba tano akasema alhamdulillahi.

Kumbe wenzao wa shule nyingine walikuwa wameshaanza. Kwao, kama kwetu, mtu akifeli mtihani hutaniwa kwamba amewasindikiza wenzake. Mzaha huo Wizara iliuchukua ikaufanya cheo. Ikatoa waraka: msindikizaji ni mwanafunzi halali ambaye mchango wake katika elimu ni kuwa nyuma. Hatalipa ada, atapewa sare, viatu na chakula cha mchana, naye atatia saini ya dole gumba kwamba hatampita mtu. Kamishna wa Usawa, Bwana Mwinchande, aliutangaza waraka huo mwenyewe redioni kwa sauti yake nzito.

"Ndugu wananchi, tusiwadharau wa nyuma! Bila wa nyuma, wa mbele yuko mbele ya nani? Nawauliza, yuko mbele ya nani? Serikali yenu sikivu haitapumzika mpaka kila mtoto mwenye uwezo apate wa kumzidi!"

Makofi yalipigwa hata na wale watakaokuwa nyuma, maana walikuwa wamesikia neno chakula. Wanafunzi wa pembezoni wakafunga virago, wakaja mjini kusindikiza. Huko walikotoka madarasa yakabaki na watu wanne, watano. Kumi kwa mia ya watu wanne, ukiigawanya sana, unapata goti la mtu mmoja, na goti haliwezi kusajiliwa chuoni. Shule zile zikakosa hata nafasi moja. Wizara ikatoa taarifa kwamba malalamiko kutoka pembezoni yamekwisha kabisa.

Kazi ya kutafuta wasindikizaji thelathini wa Mteremko alipewa Bi. Kidawa. "Wewe mwalimu," Bwana Lutambi alimwambia, "mjinga unamjua kwa macho." Akaenda Machimboni, mtaa wa wapasua kokoto, akaazima meza ya muuza chapati, akawaita vijana mmoja mmoja. Utaratibu ulikuwa mwepesi: anayejibu hachukuliwi.

"Moyo wa binadamu una vyumba vingapi?" akamuuliza kijana wa kwanza.

"Vinne, mwalimu," kijana akajibu, uso umemchangamka.

"Aa, pole sana, mwanangu. Mwingine!"

Yule kijana akatoka nje nusura alie, na alikuwa amekesha akisoma. Akafuata mwingine aliyezijua sayari zote, naye akarudishwa kwenye kokoto. Aliyeingia baada ya hao alikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa, nywele zimejaa vumbi la mawe, jina lake Siwema. Alikuwa amesimama dirishani muda mrefu akiwatazama wanaotoka na nyuso zao.

"Saba mara nane?"

"Jumanne," akasema Siwema.

Bi. Kidawa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Na makao makuu ya nchi yetu ni wapi?"

"Kwa mjomba, mwalimu."

Akaandikwa papo hapo, akapewa namba sitini, namba ya chini kuliko zote, ambayo waraka uliiita Msingi wa Darasa. Bi. Kidawa alirudi nyumbani akimhadithia kila aliyekutana naye habari ya ile Jumanne. Hakujiuliza imekuwaje mtu asiyejua lolote akajua ni nini hasa kilichokuwa kikitakiwa pale.

Masomo yakaanza. Wasindikizaji waliketi safu za nyuma, na kila mwisho wa mwezi alikuja afisa kuwakagua hali yao ya kutojua. Wengi walisinzia, kwani kupasua kokoto tangu alfajiri si mchezo. Siwema hakusinzia. Alikaa na mikono juu ya dawati, hana daftari kwa sababu waraka haukumruhusu daftari, anamtazama mwalimu midomo mpaka mwalimu anaona haya.

Siku moja, wakiwa mezani, Faraji akasema, "Mama, yule Siwema kanieleza upumuaji wa mimea wakati wa chakula. Nimeelewa kuliko ulivyotueleza wewe."

"Kula, Faraji."

"Si mjinga, mama."

"Nimesema kula."

Ukaja mtihani wa majaribio. Baiolojia, kama Kemia na Fizikia, ilikuwa na maswali hamsini ya kuchagua, kila swali na majibu manne. Jumapili mchana Bi. Kidawa akakaa barazani kusahihisha, na kifaa chake cha kazi anachokijua kila mwalimu, karatasi ngumu iliyotobolewa matundu hamsini mahali pa majibu sahihi. Unaiweka juu ya karatasi ya mwanafunzi, unahesabu matundu yenye wino, unaandika alama, unachukua nyingine. Faraji alipata thelathini na moja. Wasindikizaji walipata kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili, na mmoja alipata kumi na tano akaandikiwa kwa wino mwekundu: Punguza bidii.

Akafika karatasi ya Siwema. Akaiweka ile yenye matundu, hakuona wino. Akadhani ameigeuza, akaigeuza, akaona kweli sasa ndiyo ameigeuza, akairudisha. Matundu hamsini, yote meupe. Akaiondoa akatazama: Siwema alikuwa amejibu maswali yote, hakuacha hata moja.

Hapo Bi. Kidawa akaanza kupiga hesabu. Mtu anayebahatisha haponyoki hivyo. Majibu ni manne, maswali hamsini ukiyabahatisha utaangukia kumi na mbili, kumi na tatu, hata mbuzi akipewa kalamu ataokota kumi. Kukosa yote hamsini hakuji kwa bahati. Lazima ujue jibu liko wapi, kila mara, ndipo uweze kulizunguka. Kesho yake akamuuliza mwalimu wa Kemia: sifuri. Akamuuliza wa Fizikia: sifuri. Majibu mia na hamsini yamekwepwa, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu ukishamwita mtu wa nyuma nani atahangaika kumtazama.

Laiti asingejua! Mtu asiyejua hana cha kuulizwa. Lakini alijua, tena yeye peke yake.

Akamwita Siwema maabara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umepata sifuri, Siwema."

"Ahsante, mwalimu."

"Sikusifu. Swali la kumi na tisa, lile la figo, jibu lake nini?"

Siwema akatazama chini. "Ukiniuliza sasa, ni C. Kwenye karatasi niliandika A."

"Na la arobaini?"

"B. Niliandika D. Pale mtunzi amekosea kidogo, mwalimu, hata A inaweza kukubalika, ndiyo maana sikuigusa."

Bi. Kidawa akavuta kigoda akakaa. "Kwa nini usibahatishe kama wenzako, mtoto wewe?"

"Nikibahatisha naweza kumpita mtu bila kukusudia. Nilitia saini kuwa wa sitini. Kazi nimeikubali mwenyewe, nitaifanyaje ovyo?" Kisha akamsogelea. "Mwalimu, usinifukuze. Nilimaliza kidato cha nne nikafaulu vizuri, halafu baba akaangukiwa na jiwe mguuni, nikabaki kwenye kokoto miaka mitatu. Hapa nakaa ndani. Nasikiliza, nakula, kinachobaki nawapelekea wadogo zangu. Mimi sina shida na kuwa nyuma. Ila usinitoe darasani."

Neno la kumwambia lilikuwa moja: siku ya mtihani, jibu kweli. Lilimfika Bi. Kidawa kwenye meno. Lakini nyuma ya neno hilo alimwona Faraji na namba yake ya sita, katika nafasi sita, na Siwema akipanda kutoka sitini hadi juu kabisa na kila mtu akishuka hatua moja kumpisha. Wa sita angekuwa wa saba, na wa saba haendi popote.

"Sikufukuzi," akasema. "Kesho pitia jikoni, mwambie mpishi nimesema akuongezee nyama."

Basi ukawa ndio mchezo wake. Kila nafsi ilipomsuta, akaongeza kitu kwenye sahani ya Siwema. Wiki ya kwanza nyama, ya pili yai, ya tatu maziwa ya moto na mkate wa kupelekea wadogo zake. Wanafunzi walidhani msichana ana ugonjwa. Siwema akanenepa kwa hatia ya mtu mwingine, na kila alivyonenepa ndivyo Bi. Kidawa alivyokonda, na ile hatia yenyewe haikupungua hata ratili.

Mwishowe akashindwa. Akaenda Wizarani, akapanda ghorofa tisa kwa miguu, akamkuta Kamishna Mwinchande nyuma ya meza kubwa kama kitanda. Akamsimulia yote. Kamishna akasimama kwa furaha.

"Sifuri tatu! Mwalimu, unajua Wizara imekuwa ikisaka sifuri safi kwa muda gani? Tunaletewa sita, tunaletewa nane, za ubabaishaji tu!"

"Mheshimiwa, hunisikii. Mtoto huyu ana akili kuliko darasa zima."

"Akili si hoja. Hoja ni namba."

"Lakini sheria ilitungwa kwa ajili ya watoto kama yeye!"

"Na nani anayeitumikia kuliko yeye?" Kamishna akaketi tena, akashusha sauti kama daktari. "Hata hivyo Serikali ina huruma. Iko Fomu ya Kumwachia Msindikizaji. Anatia saini yeye, unatia saini wewe uliyemwandikisha, unamkabidhi mkuu wa shule kabla kengele ya mtihani haijagonga. Hapo ataandika anachokijua, atahesabiwa kama mwanafunzi mwingine yeyote."

"Ni hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ni karatasi moja." Akamtazama. "Mwanao ni wa ngapi vile?"

"Wa sita."

"Na nafasi?"

"Sita."

"Basi kumbe hesabu unaijua," akasema Kamishna, akampa fomu.

Siku hiyo hiyo Bi. Kidawa, moto bado unawaka moyoni, akamwonyesha Siwema ile fomu. Msichana akaisoma mara mbili. Akaomba kalamu, akajifuta mkono kwenye sketi, akatia saini kwa mwandiko mzuri ambao hakuna mtu pale shuleni aliyekuwa ameuona, maana hakuwahi kuruhusiwa kuandika zaidi ya herufi moja moja. Hakuuliza kitu. Akasema tu, "Ahsante, mama," badala ya mwalimu, akaenda darasani akikimbia.

Ilibaki saini moja. Bi. Kidawa akaiweka fomu kwenye mkoba, akasema nitatia kesho. Kesho akasema keshokutwa. Alipika nayo, alifundisha nayo, alikwenda nayo msibani. Mara moja aliitoa kalamu kabisa, akasikia Faraji chumbani akikariri figo kwa sauti, anakosea, anarudia, anakosea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitahidi kwa moyo wote. Kalamu ikarudi mkobani. Ukimuuliza yeye atakwambia hakuwahi kukataa kutia saini. Ni kweli, hakukataa hata siku moja.

Asubuhi ya mtihani watahiniwa walipanga mstari nje ya ukumbi. Faraji alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akamwambia mama yake, "Niombee," kisha akaingia. Wa mwisho kwenye mstari, kwa mujibu wa namba, alikuwa Siwema. Akatoka akamfuata Bi. Kidawa pembeni, pale penye bomba la maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mkuu wa shule anasema hajapokea fomu yangu." Alisema polepole, bila lawama, kama anayeulizia kitabu alichoazimisha. "Bado dakika chache. Leo nijibu vipi, mama?"

Fomu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko begani, kalamu iko kifuani. Mkuu wa shule amesimama hatua kumi kutoka hapo na kengele mkononi. Bi. Kidawa akafungua mdomo, na Mungu ni shahidi, hata yeye mwenyewe hakuwa na uhakika nini kitatoka.

"Kama kawaida, mwanangu," akasema.

Siwema akamtazama kidogo. "Haya," akasema, akaingia ukumbini. Kengele ikagonga.

Matokeo yalipotoka, Faraji alikuwa wa sita. Siwema alipata sifuri katika Fizikia, sifuri katika Kemia, sifuri katika Baiolojia, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nchi ile ipate uhuru. Magazeti yakaandika. Kamishna Mwinchande akaja Mteremko na msafara wa magari saba kumkabidhi Ngao ya Taifa ya Nyuma. Likasimamishwa turubai uwanjani, wazazi wakaja na nguo zao za harusi, Bwana Lutambi akagawa soda kwa sababu namba nne naye alikuwa ameingia chuo kikuu.

"Huyu binti," Kamishna akanguruma, "ni nguzo! Watu wengine hufeli kwa uzembe. Yeye amefeli kwa nidhamu! Kwa hiyo Wizara imempangia kituo kipya. Mwakani atakuwa wa mwisho katika Sekondari Teule ya Taifa!"

Makofi. Siwema alikuwa ameketi kiti cha mbele karibu na Bi. Kidawa, amevaa sare iliyofuliwa na viatu vya shule, ngao ameshakabidhiwa iko mapajani. Akamwinamia.

"Umesikia, mama?" akanong'ona, na macho yake yaling'aa kwa furaha ya kweli. "Sekondari Teule ni ya bweni. Ina maktaba, na wa nyuma nao wanaruhusiwa kuingia. Nimeuliza. Nitakaa na vitabu mwaka mzima."

Bi. Kidawa akautazama mkoba wake. Afadhali msichana yule angemtukana, au angemtemea mate mbele za watu! Furaha ile hakuiweza. Alinyanyuka kabla hajafikiri, akapanda jukwaani, akamnyang'anya Kamishna kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mtoto huyu anajua kila kitu!" akasema. "Hakufeli. Alikwepa. Angekuwa wa kwanza, si hapa tu, wa kwanza wa nchi nzima. Mimi nilijua tangu mtihani wa majaribio. Fomu yake ilikuwa mkobani mwangu, alishatia saini, mimi sikutia, kwa sababu ya mwanangu. Aliniuliza pale bombani ajibu vipi, nikamwambia kama kawaida. Nimemwibia. Mimi ndiye mwizi." Akaitoa ile fomu akaipunga juu, akalia mbele ya shule nzima.

Kamishna akaanza kupiga makofi, kofi moja moja zito, na watu wakafuata, na mwisho uwanja wote ukasimama ukashangilia.

"Mmeona uungwana huo?" akasema Kamishna, akimshika Bi. Kidawa bega. "Wangapi leo wana ujasiri wa kukiri? Katibu, lete cheti!" Kikaletwa Cheti cha Ukweli, kikaandikwa jina papo hapo, kikagongwa muhuri juu ya spika. "Matokeo, bila shaka, yakishatangazwa hayatanguki. Kijana wake ataendelea na safari yake ya chuo. Ila kuhusu huyu binti..." Akafungua waraka, akavaa miwani. "Kifungu cha nane. Msindikizaji akithibitika kuwa anajua, atakuwa amefanya udanganyifu wa kujua, na hataruhusiwa kusindikiza tena katika shule yoyote ya Jamhuri. Pole sana, binti. Sheria ni sheria, na sisi tunapenda haki."

Afisa mmoja akaichukua ngao kutoka mapajani mwa Siwema. Mwingine akamkumbusha kwamba viatu ni mali ya shule. Siwema akainama, akafungua kamba, akavipanga viatu vizuri chini ya kiti, kisigino kwa kisigino. Faraji, aliyekaa safu ya wateule, akainamisha kichwa asimwangalie mama yake.

Bi. Kidawa akashuka jukwaani mbio. "Siwema! Siwema mwanangu, nimesema kweli. Nimewaambia wote."

"Nimesikia, mama."

"Nisamehe."

"Siku ile nilikuuliza," Siwema akasema. Hakupaza sauti. "Ulikuwa na neno la kuniambia, hukuniambia. Leo sijakuuliza kitu. Nilikuwa nimeshapata maktaba."

Akapita katikati ya viti, miguu mitupu, akashika njia ya Machimboni. Bi. Kidawa akabaki amesimama na cheti chake, wino wa muhuri haujakauka. Watu walikuja kumpa mkono mmoja mmoja, wakimwita shujaa, naye akawapa mkono. Na lililomkata maini kuliko yote, ambalo hajamwambia mtu mpaka leo, ni kwamba makofi yale yalipokuwa yakipigwa, kwa muda ule mfupi, alikuwa amejisikia vizuri.